Kifafa na Ukoo: Utafiti wa Mahenge hadi Mpakani mwa Singida

Swali la kama kifafa hurithiwa lilianza kuchunguzwa kwa makini nchini Tanzania katika milima ya Mahenge, wilayani Ulanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norway, aliwakuta Wapogoro wengi wakiugua ugonjwa huo, hasa watoto na vijana. Baadhi yao walikuwa na makovu makubwa kwa sababu walianguka motoni walipopatwa na kifafa. Iliaminika kwamba mate ya mgonjwa huambukiza, kwa hiyo alitengewa vyombo vyake na mahali pake pa kulala. Jilek-Aall alianzisha kliniki na kuwapa wagonjwa fenobabitoni, dawa ya bei nafuu ambayo bado inatumika. Aliona pia kwamba watoto wengine, kabla ya kuanza kuanguka, hushikwa na hali ya kuinamisha kichwa tena na tena. Miongo kadhaa baadaye hali ya aina hiyohiyo ilizua hofu Uganda na Sudan Kusini.

Aliyeupa utafiti huo takwimu imara ni Henry Rwiza, daktari Mtanzania wa magonjwa ya mishipa ya fahamu. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1992, timu yake ilikuwa imepita nyumba kwa nyumba katika vijiji 11 vya Ulanga na kuchunguza watu zaidi ya 18,000. Waliokuwa na kifafa kisichotulia walikuwa 207, yaani kama 10 kwa kila watu 1,000. Wastani huo, hata hivyo, unaficha jambo: kuna kijiji kilichokuwa na wagonjwa 5 kwa 1,000 na kingine 37.

Jeni ziliingia kwenye hesabu mwaka 1995. Jilek-Aall, Rwiza na wenzao wa Marekani walichapisha uchambuzi wa familia 20 za Mahenge, ambazo taarifa zake zilikusanywa mwaka 1989 na 1992. Ndugu waliohesabiwa walizidi 1,600, na wagonjwa walikuwa 127. Mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa alikuwa na uwezekano wa asilimia 15 wa kuugua. Kwa babu, bibi, mjomba au shangazi ulishuka hadi asilimia 6 hivi. Jeni moja peke yake haikutosha kueleza mtawanyiko huo. Kilichoafikiana zaidi na takwimu ni jeni nyingi zenye mchango mdogomdogo, pengine pamoja na moja yenye nguvu zaidi.

Hesabu za namna hiyo zina udhaifu mmoja mkubwa. Walio ndugu kwa damu huishi pia chini ya paa moja, hunywa maji ya mto mmoja na huumwa na wadudu walewale, na mti wa ukoo hauwezi kutenganisha hayo.

Udhaifu huo ulijitokeza wazi katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, karibu na mpaka wa Singida. Baadhi ya wagonjwa wake hutoka upande wa pili wa mpaka, katika wilaya za Iramba na Mkalama. Miaka ya 2000 Andrea Winkler, daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, aliendesha huko kliniki ya kifafa. Picha za ubongo zilionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa walikuwa na vifuko vya tegu ya nguruwe kichwani. Ni minyoo inayosambaa kwa uchafu wa choo, na kaya nzima inaweza kuambukizwa bila jeni kuhusika hata kidogo.

Winkler alikwenda pia Mahenge, akachunguza wagonjwa 62 wenye tatizo la kuinamisha kichwa, na ripoti yake ilitoka mwaka 2008. Baada ya hapo shaka ilizidi kuelekezwa kwa usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Mahenge ni eneo la usubi, na dawa ya ivermektini imekuwa ikigawiwa huko tangu mwaka 1997. Singida, mkoa mkavu, haumo katika ramani ya ugonjwa huo. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu waliorudi Mahenge mwaka 2017 wakiwa na wenzao wa Ubelgiji walikuta kifafa bado kimekithiri zaidi katika vijiji vya mbali kuliko vya karibu na mji. Njia ambayo minyoo ya usubi huuathiri ubongo haijathibitishwa, wala haijafahamika kwa nini mtoto mmoja huugua na nduguye wa nyumba ileile akanusurika. Hapo ndipo jeni zilizohesabiwa mwaka 1995 zinaporudi katika mjadala, safari hii zikitazamwa kama kinachomfanya mtu ashambuliwe kwa urahisi zaidi na kimelea.