Vitz na historia zake mbili

Mdau, kabla hujamkabidhi dalali akiba yako, soma historia. Vitz ilizinduliwa Japani mwaka 1999, ikarithi nafasi ya Starlet. Kule gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, tena kwa gharama. Wengi huona afadhali wauze, ndipo linatufikia sisi.

Hapa Bongo namba ya usajili inakwambia lilisajiliwa lini, si lilitengenezwa lini. Kwa hiyo mimi huanzia uvunguni: kutu, maana kaskazini mwa Japani humwagwa chumvi barabarani kuyeyusha theluji. Moshi wa bluu? Injini inakula oili. Gia zinachelewa kuingia? Giaboksi imechoka.

Dalali amekukuta na gari la moto? Lizimwe, lipoe, ndipo liwashwe upya.