Nani Alibeba Hasara? Kupima Hatari ya Mtaji katika Misafara ya Zanzibar, Karne ya 19

Safari ya biashara kutoka pwani ya Afrika Mashariki kwenda bara, katika karne ya 19, ilianzia dukani kwa tajiri wa Zanzibar. Hapo mwenye msafara alichukua kwa mkopo majora ya merikani (nguo ya pamba iliyotoka Marekani) na kaniki, mafurushi ya shanga na mizigo ya masango ya shaba, akaandikiwa hati ya kulipa kwa pembe za ndovu au kwa riale atakaporudi. Angerudi baada ya mwaka, au miaka kadhaa, au asingerudi kabisa. Njiani kulikuwa na homa, ukame, vita na wapagazi waliotoroka na mizigo, wala hapakuwa na bima ya msafara wa nchi kavu. Kwa hiyo kabla mizigo haijafungwa, mkopeshaji na mkopaji walipaswa kujua jambo moja: mali hii ikipotea yote, nani atabaki amesimama?

Wataalamu wa fedha siku hizi huligawa swali hilo sehemu mbili. Kuna utayari, yaani moyo wa mtu anapokabili uwezekano wa kupoteza. Kuna pia uwezo, yaani hasara ambayo mfuko wake, muda wake na wanaomtegemea wanaweza kuihimili. Mtu anaweza kuwa na moyo mkubwa na mfuko mdogo, na mwingine akawa na mali tele lakini hapati usingizi akiwa na mkopo mmoja tu nje. Wafanyabiashara wa misafara hawakuwa na majina ya vipimo hivyo, ila walivitumia kila msimu, na alama zake zimo katika mikataba yao, katika waliotajirika na katika waliofilisika.

Kiswahili chenyewe kimehifadhi alama hizo. Neno tajiri lilitoka Kiarabu likiwa na maana ya mfanyabiashara. Maana ya mtu mwenye mali nyingi ilikuja kukua juu yake. Rasilimali, pia kutoka Kiarabu, ni "kichwa cha mali", yaani mtaji unaotakiwa urudi kabla faida haijahesabiwa. Rehani, dhamana na kufilisika yana asili hiyo hiyo. Bima na hundi yaliletwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Maneno haya yalikaa kwa sababu kila moja lilitaja njia fulani ya kubeba hasara, kuigawa au kumwachia mwingine.

Faida iliyovuta watu bara

Pembe za Afrika Mashariki zilipendwa kwa ulaini wake. India zilichongwa bangili; Ulaya na Marekani zilitengenezwa vibao vya piano, mipira ya biliadi na vichana. Kati ya miaka ya 1820 na 1870 bei ya frasila moja, karibu kilo 16, ilipanda mara kadhaa Zanzibar. Bei ya nguo za kubadilishana haikupanda kwa kasi hiyo, isipokuwa pale vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipofanya merikani iadimike. Jora lile lile la nguo lilizidi kuleta mali zaidi pwani.

Lakini ndovu walikuwa wakipungua karibu na bahari. Wafanyabiashara walisogea hadi Unyamwezi, kisha Ujiji, kisha Manyema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipoondoka Kaole, pwani, mwezi Juni 1857, walitumia siku 134 kufika Kazeh, eneo la Tabora ya leo, na hapo walikuwa bado hawajaliona ziwa. Kila hatua ya kuelekea magharibi iliongeza faida ya pembe, na iliongeza pia miezi ambayo mtaji ulikuwa njiani, idadi ya watawala waliodai hongo, ambayo wakati huo ilikuwa ushuru wa kupita, na idadi ya mambo yanayoweza kuharibika. Aliyeona bei ya frasila peke yake aliona nusu ya hesabu.

Sultani na mkodishwaji wa forodha

Mgawanyo wa hatari ulio wazi kuliko yote ulikuwa katika forodha ya Zanzibar. Seyyid Said bin Sultan na waliomfuata hawakuikusanya wenyewe. Waliikodisha kwa tajiri aliyelipa kiasi kilichokubaliwa kila mwaka, kisha akakusanya ushuru kwa faida yake. Biashara ikistawi, ziada ilikuwa yake. Meli zikipungua, pengo pia lilikuwa lake. Kwa muda mrefu, kuanzia miaka ya 1830, kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, Mhindu mwenye asili ya Mundra huko Kachchh, India. Mwaka 1876 ilikwenda kwa Taria Topan, Khoja Ismailia aliyetoka pia Kachchh.

Pande mbili zilikuwa zimejipima tofauti. Sultani alikuwa na askari wa kulipa na nyumba kubwa ya kulisha. Alihitaji kiasi anachokijua, akakubali kuacha sehemu ya faida ili akipate. Nyumba ya Jairam ilikuwa na mtaji Kachchh, Bombay na Zanzibar, na mapato kutoka biashara nyingi. Mwaka mbaya wa forodha uliiumiza bila kuivunja. Makubaliano yalidumu kwa sababu kila upande ulibeba aina ya hatari uliyoiweza.

Tajiri alivyompima mkopaji

Kwa kuwa riba imeharamishwa katika Uislamu, gharama ya hatari mara nyingi haikuandikwa kama riba. Ilifichwa katika bei: nguo za mkopo zilihesabiwa ghali kuliko za taslimu. Mwenye shamba la mikarafuu aliweza pia kuliuza kwa bei ya khiyari, yaani kwa haki ya kulikomboa ndani ya muda fulani, naye akaendelea kukaa humo akilipa kodi. Kwa njia hizo mkopeshaji alilipwa kwa kungoja, na alilipwa zaidi pale kungoja kulipokuwa kwa mashaka.

Kabla ya bei kulikuwa na kumpima mtu. Burton ameandika kisa kinachoonyesha kipimo hicho kikifanya kazi. Pwani, kabla ya msafara wake kuondoka, alimsikia Ladha Damji, msimamizi wa nyumba ya Jairam Zanzibar, akizungumza na karani Ramji kwa lugha yao ya Kikachi, wasijue kwamba mgeni huyo aliyewahi kutumikia jeshi India anawaelewa. Ladha aliuliza kama Mzungu huyu atafika ziwani. Ramji alijibu kwamba hatafika, kwani atapitaje Ugogo? Katika maneno machache walikuwa wameitaja njia, wakataja mahali ilipo hatari kubwa zaidi, penye maji haba na hongo nzito, na wakampima mtu kwa mahali hapo. Burton alifika ziwani mwezi Februari 1858. Tathmini yao haikutimia, lakini ilipimwa palipostahili.

Tajiri makini hakumwekea mtu mmoja mali yote. Alikopesha misafara kadhaa, njia tofauti, akachanganya mikopo ya bara na meli, nyumba na karafuu. Na aliandika. Methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari ilikuwa kanuni ya kazi katika maduka hayo: bila daftari tajiri asingejua ni sehemu gani ya rasilimali yake iliyo njiani, na asiyejua hilo hawezi kujua hasara anayoweza kuihimili.

Hesabu ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kuwekwa katika hisabati mbali na hapo. Mwaka 1738 Daniel Bernoulli alichapisha huko St. Petersburg makala iliyoeleza kwamba hasara ya kiasi kile kile humuuma zaidi mwenye kidogo. Mfano wake ulikuwa wa mfanyabiashara anayesafirisha bidhaa za rubo 10,000 kwa bahari, katika msimu ambao meli 5 kwa kila 100 hupotea, huku bima ikitozwa rubo 800. Kwa wastani hasara ni rubo 500 tu, hivyo bima inaonekana ghali. Hata hivyo Bernoulli alipata kwamba mfanyabiashara mwenye mali nyingine isiyofika rubo 5,043 afadhali ainunue, na kwamba anayeiuza bima hiyo anapaswa kuwa na angalau rubo 14,243. Meli ni ile ile na bahari ni ile ile. Kilichobadilisha jibu ni mfuko.

Mwenye msafara

Mkopaji mashuhuri kuliko wote alikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana kama Tippu Tip, aliyezaliwa Zanzibar mnamo 1837. Katika tawasifu yake, mojawapo ya tawasifu za mwanzo kabisa kwa Kiswahili, anasimulia kwamba akiwa bado kijana alikataa kwenda mbele na mali ya baba yake iliyokabidhiwa mtu mwingine. Alitaka akabidhiwe yeye. Utayari wake ulionekana mapema. Uwezo ulikuja baadaye, pale mafanikio ya safari za kwanza yalipowafanya matajiri wamwamini, Taria Topan akiwa wa mbele. Safari yake kubwa iliyoanza mnamo 1870 ilimweka bara miaka 12. Taria alingoja. Mkopeshaji mwenye mtaji mdogo, au mwenye wadai wake mwenyewe mlangoni, asingeweza kungoja muda huo hata kama angemwamini Tippu Tip kwa moyo wote. Muda nao ni sehemu ya mtaji.

Kwa kila mmoja aliyerudi na pembe walikuwapo wengi waliobaki Tabora au Ujiji wakiwa na madeni yasiyolipika. Kwao moyo ulikuwa umetangulia mfuko. Waliazima kwa bei ya mkopo, msafara ukaenda vibaya, wakashindwa kurudi pwani kukabili hati zao.

Mpagazi na mtumwa

Chini ya mkopaji alikuwapo mpagazi, aliyebeba mzigo wa takriban kilo 30. Wanyamwezi wengi walifanya kazi hii kwa ujira wa kiasi kinachojulikana, pamoja na posho, na hawakupenda kuwa njiani msimu wa kulima. Wengine walikuwa wamekwenda pwani na pembe zao wenyewe. Kwa anayetegemea shamba la nyumbani, ujira usiobadilika na tarehe ya kurudi vilikuwa na thamani kuliko fungu la faida isiyo na hakika. Huo pia ulikuwa upimaji wa hatari, na ulifanywa kwa akili.

Walikuwapo watu ambao hawakuulizwa kamwe. Maelfu walitekwa bara na kuuzwa, wakahesabiwa kama mali ya watu wengine, wakafa njiani katika safari ambazo faida yake haikuwa yao. Mkataba wa Juni 1873 ulifunga soko la watumwa la Zanzibar, lakini utumwa wenyewe uliendelea kwa miaka mingi. Hesabu yoyote ya hatari za biashara hii inayoishia kwa tajiri na mkopaji ni hesabu ya uongo, kwa kuwa hasara kubwa kuliko zote ilibebwa na wasiotia mkono katika mkataba wowote.

Miaka ya mtihani

Mfumo huu ulijaribiwa kwa pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1870. Kipindupindu kilipita Zanzibar na kwenye njia za misafara mnamo 1869 na 1870. Mwaka 1871 vita vilizuka kati ya Mirambo, mtawala wa Kinyamwezi, na Waarabu wa Tabora. Mwezi Agosti watu wa Mirambo waliishambulia Tabora yenyewe, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa mji, akauawa. Njia ya Ujiji ikafungwa, mali ikakwama. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini.

Hapo ndipo kosa la wengi lilipofichuka. Mkopo ulikuwa bara na dhamana yake ilikuwa shamba la Unguja, na vitu hivyo viwili vilionekana kuwa mbali sana hata visiweze kuanguka pamoja. Vilianguka pamoja ndani ya mwaka mmoja. Waliosalimika ni wale waliokuwa na akiba nje ya vyote viwili: Pemba, ambako kimbunga hakikuharibu kiasi hicho, au Bombay, au katika biashara isiyotegemea njia ya Tabora.

Ukoloni uliufuta mfumo huo hatua kwa hatua. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilichukua utawala wa mrima, yaani pwani ya bara, na mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza. Tippu Tip alifariki Zanzibar mwaka 1905. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na mzigo uliokuwa ukitumia miezi ukatumia siku. Wakati soko la hisa la Nairobi lilipoanzishwa mwaka 1954, na lile la Dar es Salaam lilipoanza mauzo mwaka 1998, mwekezaji hakuhitaji tena kupita Ugogo kwa miguu. Bado dalali makini humuuliza mambo yale yale yaliyoulizwa dukani Zanzibar: fedha hizi zinaweza kukaa nje muda gani, ni sehemu gani ya mali yote, kuna akiba gani pembeni, na atafanya nini habari mbaya ikifika kabla ya pembe.