Ng'ambo ya Mvita: Ardhi na Watu wa Kisauni, Changamwe na Likoni

Bara ya Mombasa ni vipande vitatu vya nchi vinavyokizunguka kisiwa cha Mvita: Kisauni kaskazini, Changamwe magharibi, Likoni kusini. Hori la Tudor limepita kati ya Kisauni na kisiwa. Maji ya Kilindini, yanayoingia ndani hadi Port Reitz, yameitenga Likoni. Changamwe ndiyo iliyo karibu zaidi, kwani Makupani ujia wa maji ni mwembamba. Kisauni na Likoni zimelala juu ya miamba ya matumbawe ya kale, tambarare, yenye udongo wa mchanga unaopendwa na minazi, mikorosho na mihogo. Changamwe ni nchi ya vilima na udongo mzito wa mfinyanzi.

Kwa karne nyingi ng'ambo ilikuwa shamba la mji. Wamiji, yaani Waswahili wa kisiwani, walilima huko, na Wamijikenda waliishi nao jirani: Wadigo kusini, Waduruma na Warabai nyuma ya Changamwe, Wagiriama na wenzao kaskazini. Hata hivyo si sawa kuiona bara kama kiunga tu cha kisiwa. Changamwe imeipa jina mojawapo ya taifa tatu za Thelatha Taifa, muungano wa Waswahili wa Mombasa, pamoja na Wakilindini na Watangana, na Jomvu ni mji wa Waswahili wenye asili yake hukohuko bara.

Makazi mapya ya kwanza yenye tarehe inayojulikana vizuri yako Kisauni. Baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kukubali mwaka 1873 kufunga masoko ya watumwa, wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) ya Uingereza walinunua ardhi mkabala wa mji wa kale, na kuanzia 1875 wakawapokea watu waliookolewa majahazini na manowari za Uingereza. Mahali hapo pakaitwa Freretown, kwa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza kwa Barghash. Walimu na mafundi wa kwanza walikuwa Waafrika waliolelewa Nasik, India, wakijulikana kama Wabombay. Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine waliong'olewa makwao walijenga hapo kanisa, shule na ukoo mpya, na kazi yao inastahili nafasi kubwa katika historia ya Mombasa kuliko inayopewa. Kengele yao ndiyo iliyoacha jina la Kengeleni, njia panda inayojulikana na kila dereva wa matatu.

Changamwe ilibadilishwa na reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, na njia ikavuka Makupa kuelekea bara. Gati za maji marefu za Kilindini zilipofunguliwa 1926, kazi ya bandari ilivuta Wakamba, Wataita, Wajaluo na Waluhya, ambao wengi wao baadaye walipanga vyumba Magongo, Chaani na Mikindani. Kiwanda cha kusafisha mafuta, kilichoanza kazi miaka ya 1960, kilisimama 2013. Stesheni ya reli mpya ilifunguliwa Miritini mwaka 2017.

Kuvuka ndiko kulikoamua kasi ya kila upande. Kisauni ilipata daraja la kuelea la Nyali mwaka 1931, kisha daraja la kudumu mwaka 1980, na mashamba ya mkonge yakageuka mitaa. Huko Bamburi, matumbawe yaleyale yamekuwa yakisagwa kuwa saruji tangu 1954. Likoni ilibaki na feri, iliyoanza 1937. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa, msiba ambao familia za Likoni hazijausahau. Daraja la waenda kwa miguu la Liwatoni lilifunguliwa 2021, na tangu 2024 magari yanaweza kupitia Dongo Kundu kwenda pwani ya kusini bila kugusa feri.

Idadi ya watu inaonyesha mji ulikohamia. Mwaka 1969 Mombasa yote ilikuwa na watu 247,073. Sensa ya 2019 ilihesabu 1,208,333: Kisauni 291,930, Likoni 250,358, Nyali iliyokatwa kutoka Kisauni 216,577, Jomvu iliyokatwa kutoka Changamwe 163,415, na Changamwe yenyewe 131,882. Mvita ilibaki na 154,171. Karibu watu tisa katika kila kumi wanalala ng'ambo.

Wengi wao wamejenga juu ya ardhi ya mwingine. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa pwani wa maili kumi wayathibitishe mbele ya serikali. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji, na wakulima wengi wa Kimijikenda, waliotegemea desturi na si karatasi, wakawa maskwota kwenye konde za babu zao. Ndipo ulipoenea mtindo wa nyumba bila shamba: mtu anamiliki kuta na paa, anamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja kila mwezi, na anapangisha vyumba. Likoni, shamba la ekari 930 la mmiliki aitwaye Waitiki lilivamiwa 1997, na wakaazi wake walianza kupewa hati mwaka 2016. Kwingineko bara, nyumba nyingi zingali juu ya viwanja visivyo vya wenye nyumba.