Unguja Hadi Ifakara: Umbali, Saa za Safari na Sala ya Msafiri

Anayetoka visiwani kwenda Ifakara, iwe kwa biashara ya mpunga, kumuuguza jamaa au kuwahi maziko, huwa na masuali mawili: safari ni ndefu kiasi gani, na sala zake zitakuwaje?

UMBALI NA MUDA

Kwa mstari wa angani, kutoka uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume hadi Ifakara ni kama kilomita 350. Kutoka Pemba ni kama 470. Ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa ingetumia saa 1 na dakika 10 kutoka Unguja.

Wengi, hata hivyo, hupitia Dar es Salaam. Kipande hicho ni kama kilomita 72 angani, dakika 20 kwa ndege, au saa 2 hivi kwa boti ya kasi. Kutoka Dar es Salaam hadi Ifakara kwa barabara ni kiasi cha kilomita 420: Morogoro, kisha Mikumi, ambapo unaiacha barabara ya Iringa na kushika ya Kidatu. Basi huchukua saa 7 hadi 9, na zaidi wakati wa masika. Treni ya TAZARA nayo husimama Ifakara.

SALA

Kinachohesabiwa ni umbali, si muda. Katika madhehebu ya Shafi, safari ya kupunguza sala ni marhala mbili, takriban kilomita 81. Anayeishia Dar es Salaam hafikii kipimo hicho kwa mstari wa angani. Anayenuia Ifakara amekipita mara kadhaa, hata akienda kwa ndege ya saa moja. Na kwa kuwa nia yake ni Ifakara tangu mwanzo, anapunguza hata akiwa Dar es Salaam njiani.

Ruhusa huanza baada ya kutoka kwenye majengo ya mji. Mkaazi wa mjini anayesali uwanjani Kisauni kabla ya kuondoka atakamilisha. Adhuhuri, Alasiri na Isha huwa rakaa 2; Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Ukisali nyuma ya imamu mkaazi, kamilisha.

Ukinuia kukaa Ifakara siku 4 kamili, bila ya kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, unakamilisha tangu ufike. Anayeuguza mgonjwa, akitarajia kila siku kwamba huenda kesho wakaruhusiwa, anapunguza hadi siku 18.

FUTARI

Ifakara iko magharibi zaidi, hivyo jua huzama kama dakika 10 baada ya Unguja. Aliyefunga asifuturu kwa adhana ya redio ya nyumbani. Afuate jua la pale alipo. Aliyemo ndani ya ndege naye hungoja mpaka jua lizame machoni pake.

Na Allah Anajua zaidi.