Bamba Lenye Bawaba: Chimbuko la Mikakati ya Mageuko mjini Berlin

Aghalabu historia ya ukokotoaji unaoiga maumbile huanzishwa na John Holland wa Marekani na kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu algoriti jenetiki, kana kwamba mbinu hizo zilizaliwa ndani ya kompyuta. Yaliyotukia katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin mwaka 1964 yanadai mpangilio mwingine.

Wanafunzi watatu, Ingo Rechenberg, Hans-Paul Schwefel na Peter Bienert, walifanya kazi kwenye handaki la upepo. Rechenberg aliunda bamba la vipande sita vilivyoungwa kwa bawaba tano. Kila bawaba iliweza kukazwa katika pembe 51, hivyo maumbo yaliyowezekana yalikuwa 345,025,251. Ilitakiwa kupata umbo lenye ukinzani mdogo kabisa dhidi ya upepo. Jibu lilijulikana tangu awali: bamba lililonyooka. Kwa hiyo iliyotahiniwa ni mbinu, si bamba.

Bamba lilianza likiwa limekunjwa. Gololi zilidondoshwa kwenye ubao wa misumari wa Galton ili kupata namba za nasibu. Pembe zikabadilishwa kwa mkono kufuata namba hizo, kisha ukinzani ukapimwa. Umbo jipya likilishinda la awali, lilibakizwa. Likishindwa, la awali lilirejeshwa. Mzazi mmoja, mtoto mmoja, na upepo ndio mwamuzi. Hatua kwa hatua bamba lilinyooka.

Kufikia jibu linalojulikana, hata hivyo, si ushahidi mzito. Uzito ulikuja mwishoni mwa miaka ya 1960, Schwefel alipojaribu nozeli ambamo maji ya moto hugeuka kwa sehemu kuwa mvuke, hali ambayo nadharia ya wakati huo haikuweza kuikokotoa. Nozeli ilipangwa kwa pete zilizotobolewa, zikabadilishwa, kuongezwa au kuondolewa kwa nasibu, mfano wa jeni zinavyorudufika na kupotea. Ufanisi ulipanda kutoka takriban asilimia 55 hadi karibu 80, na umbo lililopatikana lilikuwa na mifuko ya ndani ambayo si rahisi mhandisi kuibuni mezani.

Rechenberg alichapisha kitabu chake mwaka 1973, miaka miwili kabla ya Holland, lakini kwa Kijerumani. Lugha hiyo, pengine kuliko sababu nyingine yoyote, ndiyo iliyokiweka kando. Wafuasi wa pande hizo mbili walikutana kwa dhati Dortmund, mwaka 1990.