Anicet Kashamura, mbunge wa Kivu

Mwaka 1960 Nyamitaba, Masisi na Walikale zilikuwa ndani ya jimbo moja la Kivu, nchini Kongo, makao makuu yakiwa Bukavu. Sauti iliyosikika zaidi kutoka jimbo hilo ni ya Anicet Kashamura, aliyezaliwa mwaka 1928 katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu.

Alikuwa kiongozi wa CEREA, chama kilichoanzishwa Bukavu mwaka 1958. Katika uchaguzi wa Mei 1960 chama hicho kilipata viti 10 kati ya 137 vya Baraza la Wabunge. Ni vichache, lakini Patrice Lumumba, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, alivihitaji ili aunde serikali. Kashamura akawa Waziri wa Habari.

Uwaziri wake haukufika miezi mitatu. Tarehe 5 Septemba Rais Kasa-Vubu alimfukuza Lumumba pamoja na mawaziri sita, Kashamura akiwa mmoja wao. Siku mbili baadaye wabunge walipiga kura kubatilisha uamuzi huo, 60 dhidi ya 19, na Seneti nayo ikamuunga mkono Lumumba. Kura hizo hazikuheshimiwa: tarehe 14 Kanali Mobutu alitwaa madaraka.

Mwanzoni mwa 1961 Kashamura alirudi Bukavu na kuongoza jimbo kwa wiki chache baada ya askari wa wafuasi wa Lumumba waliokuwa Stanleyville kumkamata Jean Miruho, rais wa jimbo, ambaye naye alikuwa mtu wa CEREA. Utawala huo ulikuwa wa fujo, hata machoni pa marafiki zake.

Baadaye, akiwa uhamishoni, aliandika vitabu, kikiwemo kile cha 1966 kuhusu Lumumba na makanali. Alifariki mwaka 2004.