Mwaka 1331: mgeni wa begi mgongoni na wake aliowaacha njiani

Nungwi na Paje siku hizi kumejaa vijana wenye mabegi mgongoni. Wanalala wanane chumba kimoja kwenye vitanda vya dabo deka, asubuhi wanachangishana pesa ya mashua kwenda Mnemba, kesho wako Pangani, wiki ijayo Lamu. Na si Wazungu tu. Maharusi wetu nao wanauliza: fungate tukae hotelini, au tuzunguke pwani na begi moja? Kabla hamjajibu, someni habari za mtu aliyezunguka pwani yetu kwa namna hiyo karibu miaka 700 iliyopita.

Ibn Battuta alizaliwa Tangier, Morocco, mwaka 1304. Akatoka kwao mwaka 1325, kijana wa miaka 21, nia yake Hija. Alitoka peke yake, lakini hakukaa peke yake muda mrefu, kwani njiani alijiunga na misafara, akala na wenzake na kulala palipokuwa na nafasi. Alihiji, na safari ikaendelea. Mwaka 1331 akapanda chombo Aden na upepo wa kaskazi, akashuka nao mpaka kwetu.

Kituo cha kwanza kilikuwa Zeila, pwani ya Wasomali. Hakulala mjini. Harufu ya samaki na damu ya ngamia waliochinjwa vichochoroni ilimshinda, akaona bora alale chomboni japo bahari ilikuwa imechafuka. (Nani kati yetu hajawahi kurudisha ufunguo wa chumba kwa sababu ya harufu?) Siku 15 baadaye akafika Mogadishu, na hapo mambo yakawa mengine kabisa. Chombo kikitia nanga, vijana wa mji walitoka na vidau, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Humpa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Basi mgeni hulala kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye humsimamia kuuza na kununua.

Ibn Battuta hakuwa mfanyabiashara, alikuwa mtu wa elimu, kwa hiyo akapokewa na kadhi, akapelekwa kwa sultani, kisha akalazwa katika nyumba ya wanafunzi wa dini. Hosteli, kwa lugha ya leo. Kwa siku tatu akaletewa chakula mara tatu kwa siku: wali wa samli, juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na embe. Akaandika kwamba mtu mmoja wa Mogadishu hula chakula cha watu kadhaa, na ndiyo maana wamenenepa. Mgeni anakula kwako kisha anakusema, hilo nalo si jipya.

Lakini aliyepika hakumtaja. Aliyewahi kupika ndizi mbichi kwa maziwa, akachunga maziwa yasikatike, anajua kuna mtu alisimama jikoni muda mrefu. Safari nzima ya pwani iko hivyo. Mombasa alilala usiku mmoja, akasifu uchamungu wa watu na misikiti yao ya mbao, akaeleza visima mlangoni na jinsi watu wanavyoosha miguu na kuifuta kwenye jamvi kabla ya kuingia. Kilwa alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, ambaye fukara kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa naye akamvulia. Yote haya ni mazuri na ninapenda kuyasoma. Ila hakuna mwanamke hata mmoja wa Mombasa wala Kilwa aliyetajwa jina. Kusi ilipoanza kuvuma akarudi kaskazini, Dhofar.

Wanawake tunawaona zaidi pale alipooa, na alioa sana. Kabla hata hajafika Misri katika safari ile ya kwanza, alikuwa ameoa binti wa mtu mkubwa wa Tunis, akagombana na mkwewe, akaachana naye, akaoa binti wa mwanafunzi wa Fez na kuusimamisha msafara siku nzima kwa ajili ya walima.

Maldives ndiko alikoeleza wazi zaidi. Alifika mwaka 1343, akafanywa kadhi, akaoa wake wanne. Anasema ndoa huko ilikuwa rahisi kwa sababu mahari yalikuwa madogo na wanawake wana uzuri wa kuishi nao. Mabaharia vyombo vikifika waliozwa, vikiondoka wakaacha. Wanawake wa visiwa vile hawakuwa wakitoka nchini mwao. Mke hakula pamoja na mumewe. Yeye aliwabembeleza wakeze, wengine wakakubali, wengine hakuwahi kuwaona wakila hata siku moja.

Sisi wa visiwa tunaijua hadithi hii. Waliokuja na kaskazi walisubiri kusi miezi kadhaa, na wengi walioa hapa. Koo nyingi za pwani zenye asili ya Hadhramaut na Oman zimeanzia kwenye ndoa za namna hiyo. Wapo waliobaki na kuzikwa hapa, na wapo walioondoka na upepo.

Alipoondoka Maldives mwaka 1344, Ibn Battuta alimwacha mke mmoja njiani kwa talaka. Mwingine alikuwa mjamzito. Huyu akamwekea muda wa miezi 9: asiporudi, mambo yake yamo mikononi mwake mwenyewe. Hapo ndipo ninapotaka biharusi asome mara mbili. Aliyeweka muda huo ni kadhi, aliyejua kwamba mke wa msafiri anaweza kubaki si mke wala si mtalaka, na kwamba jambo hilo lisemwe kabla chombo hakijatweka. Kama mchumba wako anafanya kazi melini au Ghuba, muulize kadhi au sheikh wako, kabla ya nikaha na si baada yake, nini kinaweza kuandikwa.

Baadaye alirudi Maldives. Mtoto alikuwa amekwisha zaliwa, wa kiume, akaletwa mbele yake. Alitaka kumchukua, kisha akaona ni heri abaki na watu wake, akamrudisha. Baada ya siku 5 akaondoka.

Na alikuwa na mwingine. Zamani, kabla hajafika pwani yetu, alimwacha Damascus mke mjamzito. Akiwa India alipata habari kwamba amezaa mvulana, akampelekea babu wa mtoto dinari 40 za dhahabu. Mwaka 1348 akaingia tena Damascus, na jambo la kwanza aliloulizia ni mwanawe. Akaambiwa amefariki miaka 12 iliyopita. Jina la mama wa mtoto halimo kitabuni.